Mzee Aliyenihesabia Waya

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa; yalinikuta mwenyewe mtaani Pasiansi, kando ya ziwa, miaka ile ya mgao wa umeme, baada ya kiwanda kutupunguza kazi. Mke alikuwa amerudi kwao Ukerewe na watoto. Wenzangu wa kiwandani nao wakapotea mmoja mmoja. Zilipita wiki nzima bila mtu kunibishia hodi.

Nikaamua kujitengenezea taa ya tyubu ya kuwasha kwa betri ya gari. Si kazi ngumu: transista moja, risista, na transfoma ya kusuka kwa mkono. Unachukua kijiti cheusi cha antena ya redio mbovu, unakizungushia waya mwembamba mara mia tatu. Ukipoteza hesabu, unafumua. Nami nilipoteza kila mara, maana nikifika mia na kitu nawakumbuka watoto.

Nilikuwa nimeshafumua mara nne niliposikia hodi. Akaingia mzee mmoja, simjui. Nikarudishia komeo, wadudu wa ziwani wasije wakajaa ndani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe zungusha, baba. Mimi nitahesabu.”

Akakaa kwenye stuli, mbali na kibatari. Alihesabu taratibu bila kuchoka, na kila ikifika mia ananipa pole ya kazi. Niamini, sijawahi kufurahia kazi namna ile. Hata jina sikumuuliza.

Nikaunganisha betri. Tyubu ikapepesa, ikawaka nyeupe chumba kizima. Nikageuka nimshukuru. Mzee alikuwa pale pale, anatabasamu, ila kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake niliisoma tarehe zote, kupitia kifuani mwake. Wewe ungefanya nini? Nilipiga kelele: “Toka! Toka kwangu!”

Tabasamu lake likafutika. Akainuka polepole kama mgeni aliyenyimwa chakula, akapita kwenye mlango uleule uliofungwa.

Asubuhi nilimweleza mama mwenye nyumba. Akaniambia:

“Huyo ni mpangaji aliyekutangulia. Alifia humo, siku tatu hakuna aliyemgongea. Jina lake nimelisahau, baba.”

Hofu iliniisha ndani ya wiki, aibu haijaisha. Nimeufumua ule waya makusudi mara nyingi, nikauzungusha upya mlango ukiwa wazi. Hakuja. Basi nakuonya wewe unayeishi peke yako: mtu akikubishia hodi, muulize jina kabla hujamwogopa. Mimi nilimfukuza mgeni pekee niliyempata mwaka ule, na leo nikitaka kumwomba radhi, sina hata jina la kumwita.