Jina Nililopewa na Shangazi

Kuna Jumamosi moja sijaisahau, mwanangu, ingawa kichwa changu sasa ni cheupe na mengi yameshanitoka. Nilikuwa msichana wa kiwandani tu, nimekaa jikoni kwa Mama Rispa, jirani yangu hapa Mbotela, tukichambua mboga za kupeleka kwenye matanga ya mtaani. Kikombe kikaniponyoka, kikavunjika. Kabla hajasema neno, nikajisemea mwenyewe, "Nisamehe, mimi ni gogo tu."

Mama Rispa akaweka kisu chini. "Hilo jina nani alikupa?"

Nikacheka, nikasema ni mzaha. Yeye hakucheka.

Ukweli ni kwamba nilipewa na shangazi. Mama alifariki nikiwa mdogo, na baba, aliyefanya kazi ya reli, alikuwa safarini muda mwingi, kwa hiyo akaniacha kwa dada yake. Shangazi hakunipiga hata kofi. Ndiyo maana kwa miaka mingi niliamini kwamba sikuteswa. Lakini aliniita gogo asubuhi na jioni, mbele ya wageni, mbele ya watoto wenzangu. Nikiugua, aliniambia nisijilegeze. Nikifaulu mtihani, hakuuliza. Baba naye alirudi na mkate na sukari, akaniuliza kama niko salama, shangazi akiwa amesimama pale pale. Ningejibu nini? Nilisema niko salama.

Nikakua hivyo. Wiki ile ile ya kikombe, msimamizi wa kiwanda cha nguo nilikoshona alikuwa ameniomba niwafundishe wasichana wapya. Nilikataa. Nilimwambia atafute mtu mwenye akili.

Yote hayo nilimweleza Mama Rispa nikilia, mboga zikinyauka mbele yetu. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akasema kwa ukali kidogo, "Shangazi yako hajakuona miaka. Sasa anayekutukana ni nani?"

Nikainama kuokota vipande vya kikombe.

Nikaenda Kiamaiko, alikohamia shangazi, nikitaka aniombe msamaha. Nilimwambia, "Shangazi, yale maneno yako yaliniumiza."

Akanitazama kama mtu anayesikia lugha ngeni. "Nilikulisha, nikakuvisha. Maneno gani tena?" Akanimiminia chai, nikanywa, nikaaga.

Nilirudi kwa Mama Rispa nimevunjika moyo, nikamwambia safari imekuwa ya bure.

"Si ya bure," akasema. "Umeyasema mbele yake. Sasa acha kumngoja."

Sitakudanganya, ilichukua muda. Kila mara tusi lile liliponijia mdomoni nililimeza, nikajiita kwa jina alilonipa mama, Nekesa. Siku nyingine nilishindwa. Mama Rispa alinisikiliza tena na tena, hadi siku moja nikasimulia bila kulia. Ndipo nikamrudia msimamizi. Wasichana wale walikuwa wameshapata mwalimu, nikasubiri kundi lingine. Siku ya kwanza nilieleza nikitazama cherehani tu, mpaka msichana mmoja akasema, "Siste, rudia hapo, umeeleza poa." Nilitoka nje nikalia, lakini machozi yale hayakuwa ya uchungu.

Kwa hiyo nasema nawe, mwanangu, uliyelelewa kwa matusi, au na watu wasiokuona kabisa. Kutopigwa si kutoumizwa. Mtafute mtu mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, umwambie yote. Na kama ungali mdogo, bado unaishi humo, mwambie mwalimu, jirani au mtu wa kanisani. Akikupuuza, mwambie mwingine. Usingoje aliyekuumiza akiri ndipo uanze kupona, kwa sababu huenda asikiri kamwe. Mimi shangazi nilimsamehe, lakini sikurudi kuishi chini ya ulimi wake, wala wewe usidhani ni lazima. Na unapojisemea moyoni, jisemee kwa upole.

Mungu akuponye pale usipoweza kuonyesha kwa kidole. Akupe watu watakaofurahi ukiingia mlangoni, na usingizi usio na maneno ya mtu mwingine ndani yake.