Jicho la Dorkasi

Pale Kasoli, mkulima akikataliwa pamba na haamini, alikuwa anaambiwa amwite Dorkasi. Miaka mingi mama huyu alisimama kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, akitenganisha pamba safi na fifi, ile chafu yenye unjano, na hakuna mjanja aliyefanikiwa kumfichia fifi katikati ya gunia. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akachomoa konzi moja, akaitupia jicho. "Fifi," alisema, na ubishi ukaishia hapo.

Kisha, miaka ya tisini, likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao, kila mmoja akimuwahi mwenzake, wakapakia safi na fifi pamoja bila hata kuuliza. Dorkasi akarudi nyumbani kupalilia mahindi. Alibaki na sifa zake tu, na sifa zisizo na kazi zina hatari yake.

Alikuwa mjane, akiishi kwenye kaya ya Fabian, mdogo wa marehemu mumewe. Fabian naye, pamba ilipomchosha, alikwenda Maganzo kuchimba almasi kwenye shimo la mtu mwenye leseni. Alirudi na mguu wenye jeraha la sururu, pamoja na fungu lake: jiwe moja, dogo kidogo kuliko mbegu ya pamba.

"Shemeji," alisema mbele ya majirani waliojaa uani, "mimi madalali siwaamini. Litazame wewe."

Mtu mwenye akili zake angejibu kwamba yeye anajua pamba tu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Dorkasi alichota pamba kwenye gunia lililokuwa mlangoni, akalilaza jiwe juu yake, akainama.

"Safi," akatamka. "Halina unjano hata chembe. Gredi ya kwanza."

Vigelegele vikapigwa. Jioni alipofika dalali mmoja aitwaye Nyanda, akaligeuza jiwe mara mbili tatu na kusema ni zuri ila lina unjano, Fabian alimwinulia fimbo. "Shemeji yangu amepima pamba ya Kasoli yote! Wewe umepima nini?"

Tangu hapo Dorkasi hakuacha kumfikiria yule dalali. Nyanda hakusema kama mtu anayetaka kupunja. Alisema kama Dorkasi mwenyewe alivyokuwa akisema pale ghalani. Na kila siku jiwe lilizidi kuwa jeupe midomoni mwa watu. Fundi saa wa Bariadi alisema jeupe, na aliyesimuliwa na fundi saa akasema jeupe sana. Fabian alishachagua mahali pa kujenga nyumba ya bati.

"Shemeji," Dorkasi alimwambia mwishowe, "lipelekwe kwa mthamini wa serikali, Shinyanga. Tupate neno la kitaalamu."

"Neno si ulishalitoa? Haya, nenda. Wakalione na wao." Mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kusafiri.

Akaenda peke yake, jiwe likiwa limefungwa kwenye pindo la kanga, na njia nzima hakuliachia pindo lile. Aliogopa wezi, lakini zaidi aliogopa jibu. Jiwe likionekana lina unjano, nani nyumbani atakubali kwamba ni lilelile? Watasema amelibadilisha. Mjane aliyeitwa mwizi kwenye kaya ya shemeji yake, atakwenda wapi?

Mthamini alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alikunja karatasi nyeupe, akaliweka jiwe kichwa chini kwenye mkunjo, karibu na dirisha, na pembeni yake akapanga vijiwe vingine ambavyo rangi zake zilijulikana.

"Tazama mwenyewe, mama."

Dorkasi akatazama. Pembeni ya kile kijiwe cha kwanza, jiwe la Fabian lilikuwa kama maji yaliyodondoshewa samli.

"Nyumbani mlilitazamia juu ya nini?"

"Juu ya pamba."

"Nyeupe?"

Hapo Dorkasi akakumbuka. Pamba safi yote ilikuwa imeshauzwa. Gunia la mlangoni lilikuwa la fifi, la kujazia mito. Juu ya kitu cha njano kila kitu huonekana cheupe! Angemcheka karani yeyote kwa kosa hilo, na kumbe amelifanya yeye, mbele ya watu wote.

"Usihuzunike," mthamini alisema. "Si ya daraja la juu, lakini ni almasi nzuri. Msije mkaiachia kwa bei ya kutupa."

Aliporudi Kasoli, Dorkasi alimkuta Fabian lamboni, akinywesha ng'ombe. Hata salamu haikukamilika, Dorkasi alipiga magoti.

"Shemeji, nilikosea. Jiwe lina unjano. Nililiweka juu ya fifi, likanidanganya macho."

Akainamisha kichwa, akingoja matusi.

"Walilishika kule mjini?" Fabian aliuliza.

"Walilishika, lakini mbele yangu."

"Basi ndipo hapo." Sauti yake ilikuwa ya huruma. "Wewe hujakosea tangu nikujue. Wamekubadilishia, halafu wakakufundisha maneno ya kuja kusema."

"Ni lilelile! Naapa kwa kaburi la kaka yako!"

"Najua huwezi kuniibia, shemeji. Ndiyo maana nasema umeibiwa."

Dorkasi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuaminiwa. Alimshika mkono, akalia, akaeleza tena habari za gunia, za karatasi, za vijiwe vilivyopangwa dirishani. Kadiri alivyoeleza ndivyo Fabian alivyozidi kumwonea huruma. Akalichukua jiwe, akalitazama kwa kinyaa.

"Hili si langu," alisema, na kabla Dorkasi hajainuka, akalirusha katikati ya lambo. Ng'ombe waliinua vichwa, kisha wakaendelea kunywa.

Asubuhi majirani walifika kumpa pole kwa kuibiwa kule mjini. Milembe, jirani wa ng'ambo ya shamba, alibaki nyuma wenzake walipoaga. Akavua pete yake ya ndoa na kuisukuma kwenye kiganja cha Dorkasi.

"Mayu, mama yangu, hebu nitazamie na mimi. Wewe ukisema ni dhahabu, siendi tena kuuliza kwingine."