Costansia, anayepamba sebule kabla jeneza halijafika

Saa moja asubuhi, na jeneza linatarajiwa saa tisa alasiri. Costansia Uwiringiyimana ameshavua kandambili na kukaza kanga kiunoni. Mikono yake imezama hadi viwiko ndani ya beseni la samadi mbichi ya ng'ombe, majivu na mchanga laini.

"Ukuta huu una nyufa tisa," anasema bila kugeuka. "Nne ni za mvua. Hizi tano ni za uzembe."

Tupo Rugu, wilayani Karagwe, nyumbani kwa Mzee Mutalemwa. Nyuma ya nyumba, migombani, vijana wanachimba kaburi, na sauti ya sululu inafika hadi sebuleni. Binti wa mwisho wa mzee, Kokuberwa, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita, amefariki juzi akiwa na miaka 33. Walimu wenzake wako njiani na mwili wake, ndani ya Coaster ya kukodi.

Nyumba ya mzee ni ya matofali mabichi. Ilikandikwa udongo miaka ya tisini, na tangu hapo ikaachiwa Mungu. Jeneza litawekwa sebuleni, na walimu wapatao ishirini wataketi humo wakitazama kuta, maana msibani mtu hana pengine pa kupeleka macho.

Ndiyo sababu ameitwa Costansia.

"Mgeni wa mjini hachukii ukuta wa udongo, anachukia ukuta mchafu," anasema mama huyo mwenye umri wa miaka 56. "Udongo wenyewe ni mzuri. Sijawahi kuona mtu akiucheka ukisawazishwa."

Baada ya kuziba nyufa, anapitisha tabaka jembamba la samadi na majivu ukuta mzima. Anaagiza majiko mawili ya mkaa yawekwe katikati ya sebule, milango na madirisha yakiwa wazi, ili ukuta unyauke kabla ya saa tano. Hapo ndipo zinakuja rangi. Theluthi ya chini anaipaka udongo mwekundu wa kichuguu, kwa sababu huko ndiko migongo ya watu na viti huchafua. Juu anapaka udongo mweupe anaouchimba bondeni karibu na Mto Kagera, na kuuchuja kwa kipande cha chandarua.

Kati ya nyekundu na nyeupe anapitisha mkanda mweusi wa masizi ya sufuria, upana wa vidole viwili. Mkanda huo ndio unaofanya sebule iliyopambwa kwa bei ya kuku wawili ionekane imechorwa na mtu aliyekwenda chuo kuusomea ukuta.

"Zamani weusi niliutoa kwenye betri za redio," anasema. "Unang'aa kweli, lakini ulinila." Ananyoosha mkono wa kulia. Vidole viwili havina kucha.

Malipo yake ni Sh30,000 kwa sebule moja, na udongo ni wake. Fundi wa saruji na rangi ya dukani, kwa chumba hichohicho, angetaka zaidi ya Sh600,000, tena angehitaji wiki nzima. Maiti haiwezi kumngoja fundi wiki nzima.

Dari linatengenezwa kwa viroba vya mbolea vilivyofuliwa, vikashonwa pamoja na kupakwa maji ya udongo mweupe hadi maandishi yapotee. Mapazia ni mashuka ya mtumba ya rangi moja, ambayo binti yake, Vero, humtafutia sokoni Murongo, wilayani Kyerwa, kwa Sh2,000 kila moja. Kisha Costansia anafanya jambo linalowakera wenye nyumba wengi: anatoa vitu nje. Kalenda sita za miaka iliyopita zinatoka. Maua ya plastiki yanatoka, na redio mbovu inayafuata.

"Nyumba ndogo haipendi makelele," anasema. "Pazia la maua, kitambaa cha maua, kalenda ya maua, mgeni anaumwa kichwa. Mapambo ya kwanza ni kutoa."

Anabakiza picha moja tu, ya Kokuberwa akiwa na joho la mahafali. Anaitundika peke yake katikati ya ukuta mweupe, anarudi nyuma hatua tatu, anaishusha kidogo.

"Hapo," anasema. "Sasa wana pa kutazama."

Kazi hii alifundishwa na bibi yake aliyevuka Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa msichana. Bibi hakupaka rangi kavukavu kama hii. Alikuwa akifinyanga mistari ya samadi na majivu ikatuna ukutani, ikipinda na kukutana kwa pembe kali, kisha ndipo akaitia rangi. Ukipitisha kiganja unausikia mchoro hata ukiwa umefumba macho.

"Ile ndiyo kazi," anasema Costansia. "Lakini mistari ile inataka siku kumi kukauka. Ukiiharakisha kwa moto inapasuka. Msiba haungoji ukuta ukauke."

Haikuwa misiba siku zote. Alipoolewa kijijini Nyakasimbi na Gaudiosus, mkulima wa kahawa na migomba, aliitwa kupamba nyumba za maharusi, na mumewe ndiye aliyekuwa akimletea udongo kwa baiskeli, magunia mawili kwa safari. Siku hizi harusi zimehamia kumbini, ambako watu hukodi vitambaa na taa za kuwakawaka. Costansia amebakiwa na jeneza. Kwa mwezi hupata kazi tatu au nne, na mwezi wa masika mabaya huzidi.

Ukitaka kujua jinsi jamii inavyomwona mtu, tembea naye barabarani. Mwandishi wa makala haya alitembea naye nusu kilomita tu, ndoo yake ya udongo mweupe ikiwa kichwani pake. Mama aliyekuwa akianika maharage alisimama wima. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo. Hawakuuliza hali wala safari. Wote wawili waliuliza neno moja: "Nani tena?"

"Nimezoea," anasema. Sura yake haikusema hivyo.

Kwa sababu hiyo, ndoo ile hailali kwake. Huiacha kwenye stoo ya kahawa ya jirani yake, Adelgunda, na nyumbani huingia mikono mitupu. Alivunja utaratibu huo mara moja tu, Ijumaa moja mwezi Machi mwaka huu, na hiyo mara moja ilitosha.

Wakati huo Gaudiosus, mwenye miaka 61, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Ana saratani ya koo. Madaktari walikuwa wamesema waliyoyaweza wameyafanya, na kilichobaki ni uji, dawa za maumivu na sala. Kijiji kizima kilijua. Siku hiyo mvua ilimkimbiza Costansia kutoka kazini, akaitua ndoo mlangoni pake, ikiwa na udongo mweupe hadi nusu, akaingia ndani kumgeuza mgonjwa ubavu.

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka mashineni kusaga wakaiona, wakaenda kuwaambia majirani.

"Mimi ndiye niliyekuwa wa mbele," anakiri Adelgunda, na ni wazi kwamba hajui acheke au alie. "Kuni zilibebwa, ndizi zikabebwa. Tukaanza kulia tokea barabarani kama inavyotakiwa. Nikaingia na mkungu kichwani, machozi mpaka kifuani, nikamkuta marehemu anakunywa uji."

Adelgunda aliuacha mkungu palepale akatoka kinyumenyume.

Gaudiosus alikuwa amesikia kilio chake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Saa tisa na nusu, Coaster inaingia Rugu. Nyasi mbichi zimeshatandikwa sakafuni, zimekatwa urefu mmoja kwa amri ya Costansia. Jeneza linawekwa juu ya vigoda viwili. Walimu wanaketi, na kama alivyosema, macho yao yanapanda ukutani na kutua kwenye picha. Mmoja wao, baada ya kujifuta machozi, ananong'ona kumuuliza jirani yake fundi wa nyumba hii ni nani.

Mzee Mutalemwa anasimama mlangoni na fimbo yake. Anautazama ukuta mweupe na mkanda mweusi, anatazama wageni, kisha anamfuata Costansia uani anakonawa mikono.

"Pole, baba," Costansia anamwambia.

"Waitu," anamwita kwa heshima ya kwao, "mwanangu, kazi umeifanya." Mzee anageuza uso kuelekea sebuleni, lilipo jeneza. "Aliniambia huyu. 'Baba, mwite yule mama atupakie sebule, nije na wenzangu Krismasi.' Nikamwambia subiri kahawa iuzwe. Kahawa nimeuza misimu mitatu. Nikanunua bati, nikanunua mbuzi, ukuta nikasema utangoja. Sasa wenzake ndio hao, wamekuja."

Anamkabidhi noti zilizokunjwa. "Elfu thelathini, mwanangu. Kumbe ilikuwa elfu thelathini tu."

Costansia anazifunga noti kwenye pindo la kanga. Ananawa mpaka maji yanatoka meupe, halafu yanatoka safi, na bado ananawa. Kwa kawaida hubaki hadi mazishi yaishe. Siku hii hakuonja hata chakula.

Kesho yake, Nyakasimbi, mwandishi anaelewa kwa nini maneno ya mzee yalimkaa vile.

Nyumba ya mpambaji ni ya vyumba viwili na sebule, na bila kumkosea heshima, ndiyo mbaya kuliko zote tulizoziona wiki hiyo. Ukuta umebanduka mpaka fito zinaonekana. Chumbani, kitanda cha Gaudiosus kimesukumwa ukutani, na kwa kuwa maumivu yanamruhusu kulalia ubavu mmoja tu, kutwa nzima anautazama ukuta huo kwa umbali wa mkono mmoja. Una tundu la msumari na doa la maji. Doa hilo amelitazama tangu Februari.

Sauti yake imekuwa nyembamba, lakini maneno bado anayachagua.

"Shikamoo, mzee," namsalimia.

"Marahaba. Karibu. Kaa mbali na ukuta, utakuchafua." Anatabasamu, na anapumzika kabla ya kuendelea. "Mimi sikukasirika kuliliwa. Walinililia vizuri, hasa Adelgunda. Kilichoniuma ni kwamba waliingia ndani wakatazama kuta. Mume wa Costansia! Nimebeba udongo wa nyumba za watu miaka ishirini kwa baiskeli. Nikamwambia Mama Vero, nipakie na mimi, ningali naona."

Mama Vero alikataa. Alikataa Machi, akakataa Aprili, na Juni aliomba mada ibadilishwe.

"Watu hawaelewi," anasema Costansia, na kwa mara ya kwanza tangu tukutane analia wazi, bila kujificha. "Mikono hii haijapaka nyumba ya mtu anayepona. Kila ninapopaka, jeneza linaingia. Nikipaka hapa nitakuwa nimekubali. Na kijiji kitakuja tena na kuni, naye atawasikia tena."

Mumewe anasubiri amalize. Inaonekana amekuwa akisubiri hivi kwa muda mrefu.

"Nisipopakiwa nitapona?" anamuuliza.

Costansia anakaa ukingoni mwa kitanda. Anamsimulia habari za Rugu: nyasi, picha, Krismasi tatu zilizopita, zile noti. Gaudiosus anasikiliza macho yakiwa kwenye doa lake.

"Sasa mzee yule," anasema mwishowe, "binti yake ameuona ukuta?"

"Hakuuona."

Nje kuku walikuwa wakiparua kahawa iliyoanikwa, na hakuna aliyetoka kuwafukuza.

Halafu Costansia akainuka, akaweka kiganja chake ukutani juu ya doa, akaanza kupima kwa shubiri. Upimaji huo wa shubiri mwandishi alikuwa ameuona jana yake, Rugu, lakini pale ulikuwa wa haraka. Hapa alipima taratibu, akarudia.

Hataanzia sebuleni. Sebule ni ya wageni na jeneza, anasema, na katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwita apambe chumba cha kulala. Ataanzia hapa, kwenye ukuta wa kitandani. Na hautakuwa ukuta wa haraka wa majiko ya mkaa. Ataifinyanga mistari ya bibi yake, ile inayotuna, ambayo mara ya mwisho aliifanya kwenye harusi ya mwaka 2016, ili Gaudiosus akichoka kuitazama aweze kuipapasa.

"Siku kumi kukauka," anamkumbusha mumewe, na swali lililojificha humo wote watatu tunalisikia.

"Nitajitahidi," anajibu Gaudiosus. "Ila usinitilie nyeupe. Nyeupe nimeshaliliwa nayo. Nataka nyekundu, na ule weusi wako."

Samadi ipo kwa Adelgunda, mwenye ng'ombe wawili, ambaye ameapa kuitoa bure na kunyamaza. La kunyamaza Costansia amelikataa. Kesho, mchana kweupe, ataitoa ndoo kwenye stoo ya kahawa na kupita nayo barabara kuu ya kijiji bila kuifunika.

Wataiona, anajua. Watasimama, na watauliza lile neno lao.

"Wakiniuliza nani tena," anasema, akifuta vumbi la ukuta kwenye kanga, "nitawajibu ni Gaudiosus. Anawasalimu."