Chai ya Sufuria Moja

Shemeji yangu alistaafu jeshi, ila jeshi likakataa kumwachia. Asubuhi alipuliza filimbi, watoto wakajipanga mstari, vitanda vikakaguliwa. Hata chai aliipika kikambi: sukari inatiwa humohumo kwenye sufuria, kwa kipimo chake, na kila mtu anakunywa alichopewa. Siku alipomwamuru dada yangu atandike kitanda upya, dada alifunga virago, akawachukua watoto, akahamia sebuleni kwangu. Msidhani nilimwombea shemeji abadilike kwa upendo. Nilitaka kochi langu.

Chama cha hisani cha kuwasaidia wanajeshi wastaafu kikamchukua. Kwanza wakampa fulana. Kisha wakampeleka semina hotelini, ambako kijana mwenye tai aliwafundisha kupumua. Shemeji akauliza, kwa heshima zote, huko vitani walidhani alikuwa akifanya nini. Mwisho wakampiga picha ya kuwaonyesha wafadhili, wakamsihi azidishe huzuni kidogo. Picha ilitoka nzuri, ikabandikwa ofisini, naye akarudi kwenye nyumba tupu na filimbi yake.

Aliyemsaidia hakuwa na tai. Alikuwa muuguzi mstaafu, mama mfupi aliyejitolea kusimamia kantini ya chama karibu na hospitali. Wastaafu, shemeji akiwamo, waliwahudumia chai watu waliokuja kuona wagonjwa. Sheria ya chama ilisema humo hakuna vyeo, lakini meja akiosha vikombe, hakuna koplo aliyethubutu kumwambia vimebaki na povu. Wateja walikunywa povu. Shemeji ndiye aliyetia fora. Aliwaamuru wakae, akawaamuru wanywe, na watu wazima walikunywa chai ya moto mgongo umewanyooka.

Muuguzi akamhamishia kwenye sinki, akamwambia hatamhudumia mtu mpaka ajue kuuliza na kusubiri jibu. Alinuna, lakini kila siku alikwenda. Alijizoeza kwa meja, akimuuliza kama amwongezee chai kwa sauti ya kutangaza mashambulizi. Siku aliporuhusiwa kurudi mezani, alimuuliza mama mmoja kama anaweka sukari, na yule mama akaanza kumweleza habari za mwanawe aliyelazwa. Shemeji alisimama na birika mkononi mpaka mwisho. Haya nimesimuliwa na muuguzi, mwenyewe asingekiri.

Jumapili iliyofuata alibisha hodi kwangu, akasubiri nje mpaka akaribishwe. Nikajua kuna jambo. Dada alileta chai bila kumtazama. Shemeji akammiminia, akashika bakuli la sukari, akasita.

"Unaweka sukari?"

Dada akamtazama. "Siweki. Sijawahi kuipenda."

Uso wa shemeji ulisawijika. Huzuni ile wafadhili wangeililia. Miaka yote ya ndoa, sufuria kwa sufuria.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Akamwomba radhi, mbele yangu na mbele ya watoto. Dada alikunywa kikombe kizima polepole, machozi yakimtoka, na mimi yangu yakanitoka, kochi nimeshalisahau. Kisha akawaambia watoto watafute viatu vyao, akamnyooshea mumewe mkono, akapewa filimbi, akanikabidhi mimi.

Ninayo mpaka leo, kwenye droo ya vijiko. Shemeji alikuja mara moja kuiomba. Aliuliza vizuri, akasubiri jibu, nikamkatalia. Akashukuru, akaenda zake.