Pua ya Chumba cha Panya

Katika maabara kuu ya utafiti ya taifa, watu wanaotajwa redioni wako ghorofani, kwenye vyumba vya vioo na viti vinavyozunguka. Nyuma ya jengo, karibu na mtambo wa mvuke wa kuchemshia vifaa, wako wale ambao bila wao hao wa ghorofani wangebaki na makoti meupe tu: wafua nguo, waosha chupa, mafundi wa majokofu na watunza panya. Mkuu wa watunza panya alikuwa mzee mmoja mfupi, mwenye mwendo wa haraka na subira kidogo, aliyeitwa Pua. Pua yake yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Jina alilipata kwa kazi aliyoipa pua hiyo.

Panya jike aliyezaa ni kiumbe wa wasiwasi. Mletee harufu asiyoijua, iwe manukato, sabuni ya maua au hata kitunguu kilichobaki vidoleni, atataharuki, na akitaharuki anaweza kuwatafuna watoto wake mwenyewe. Wakubwa wa ghorofani walikuwa wakijaribu dawa iliyohitaji panya wachanga kila wiki, na panya wachanga walitoka chumba kimoja tu, kile kilichoitwa chumba cha wazazi. Mlangoni mwa chumba hicho Pua alikuwa ameweka sheria yake. Anayeingia anaoga kwa sabuni isiyonukia, anavaa sare iliyochemshwa, kisha ananyoosha mikono. Pua ananusa viganja, ananusa shingo kwa mbali, halafu anasema neno moja kati ya mawili: "Pita" au "Kaoge". Aliwahi kumrudisha mkurugenzi mzima akaoge upya, na kisa hicho kilisimuliwa kila mwaka kikizidi kutiwa chumvi. Yeye mwenyewe aliingia bila kunuswa, kwa kuwa yeye ndiye Pua.

Msimu ule wa baridi mambo mawili yalimjia pamoja. La kwanza lilikuwa goti. Goti la kulia lilianza kumchoma kila alipopiga magoti mbele ya vizimba vya chini, na waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa na goti kama lake. Kazini hakumwambia mtu. Alijua wazi kwamba mtunza panya asiyeweza kuinama huhamishiwa stoo ya nje kugawa magunia ya chakula cha wanyama. Mtangulizi wake alipelekwa huko, na kila alipopita pale Pua alimkuta ameketi anatazama ukuta. Basi akafanya siri. Nyumbani mkewe alimkanda kwa dawa ya chupa kila alfajiri kabla hajatoka. Kazini alileta kigoda chenye kimto alichoshonewa na mkewe huyohuyo, akawa anafanya kazi za chini amekaa. Walipomuuliza, alisema panya wanapenda mtu aliyetulia.

Jambo la pili lilikuwa binti wa majaribio. Aliletwa kujifunza kazi, na kama angefaa, angeajiriwa moja kwa moja. Walimwita Mgeni, na kama ilivyo kwa mgeni, siku ya tatu alipewa jembe, yaani brashi ya kusugulia vizimba. Alikuwa mwepesi wa mikono. Kabla ya kugusa vitoto vya panya alisugua glavu zake kwenye maranda ya mbao yaliyotandikwa katika kizimba kilekile, ili mama asisikie harufu ngeni, na hilo alilifanya bila kuambiwa mara ya pili. Pua alilipenda siku ya kwanza. Siku ya pili alianza kujiuliza ni nani aliyemfundisha.

Ndipo vifo vilipoanza. Asubuhi kizimba kina vitoto vyekundu visivyo na manyoya, mchana vimebaki viwili, jioni hakuna. Leo kizimba hiki, kesho kile, na karibu vyote vilikuwa vya safu ya chini. Daktari wa wanyama, mama mpole aliyekuwa msimamizi wao, alipima maji, akapima chakula, akabadilisha maranda, asione kitu. Ghorofani walianza kunung'unika.

Pua hakuhitaji vipimo. Kabla ya Mgeni watoto walikuwa wanapona, baada ya Mgeni wanaliwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Alianza kumnusa mlangoni kwa muda mrefu zaidi, viganja, viwiko, hata nywele zilizofunikwa kwa kofia, na kila mara akalazimika kusema "Pita" kwa shingo upande. Alinusa taulo yake. Alinusa ndani ya viatu vyake, jambo ambalo mtu mzima hafanyi kwa furaha. Hakupata kitu, na kutopata kitu kukamzidishia shaka, maana mtu safi kiasi hicho, aliona, ni mtu anayejua anachotafutiwa.

Na vituko vya binti vilikuwa vingi kwa anayevitafuta. Alianza kufika kazini mapema kuliko wote. Pua akifika anamkuta ameshaingia chumba cha wazazi, ameruhusiwa na Daktari, anatoka akisema, "Vya chini nimeshamaliza, Mzee. Vimebaki vya juu tu." Nani aliyemtuma? Siku moja binti alimuuliza kwa sauti ya chini kama miguu yake ni mizima, akamwambia kama ipo kazi ya kuinama amwachie yeye. Pua alimjibu kwamba miguu yake ina umri mkubwa kuliko yeye na bado inatembea. Lakini jioni nzima lile swali lilimkera. Huyu anachunguza. Anataka kujua nina kasoro gani, akapeleke kwa wakubwa, akae yeye. Wanaosema nyani haoni kundule walikuwa na mzee wa namna hii machoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mkewe huku akikunja suruali ili akandwe. Mkewe, ambaye maneno ya kazini yalikuwa yamemchosha, alimwambia anyooshe mguu.

Katikati ya hayo mjomba wa Pua akafariki, na ikambidi asafiri kwenda kuzika. Mkewe alitangulia, na katika haraka ya msiba chupa ya dawa ya goti ikasahaulika nyumbani. Pua alichechemea msiba mzima. Aliporudi, mkewe akibaki nyuma kidogo na wafiwa, alikwenda moja kwa moja kazini, akapokewa na habari njema: tangu aondoke hakijaliwa kitoto hata kimoja. Husemwa paka akitoka panya hutawala. Hapa paka alipotoka, panya walitulia wakanyonyesha.

Mtu mwingine angekaa akafikiri. Pua alifikiri upande mmoja tu. Kwa hiyo anaweza, alijiambia. Akitaka watoto wapone, wanapona. Amengoja nimeondoka ili ionekane mimi ndiye mkosi.

Akaoga, akavaa, akaingia chumba cha wazazi peke yake, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya safu ya chini. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, pua yake ikapata kitu. Ilikuwa harufu kali, ya kupanda kichwani. Kafuri. Dawa kama ile wanayoweka watu kabatini kufukuza nondo wasile nguo. Alinusa vizimba, si huko. Alinusa sakafu, si huko. Alinusa kimto, na macho yakamtoka. Ilikuwa humo, imekolea. Na kigoda hicho, wakati yeye hayupo, alikuwa akikikalia nani kama si Mgeni? Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, furaha ya mtu aliyeambiwa na kila kitu kwamba amekosea, kisha akaonekana yuko sahihi.

Alimwendea Daktari palepale. Alimweleza kwamba nguo za yule binti zinahifadhiwa kwa kafuri, kwamba harufu imeingia kwenye kimto, na kwamba ndiyo inayowataharukisha akina mama. Daktari aliuliza mara moja tu kama ana hakika. Pua akasema, "Umewahi kuiona pua yangu ikikosea?" Daktari akakubali kwamba hajawahi. Majaribio ya Mgeni yalikuwa yanaisha Ijumaa. Daktari akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na matumaini mengine, kwamba Ijumaa atamwambia asante na kwaheri.

Kimto Pua alikifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka nacho. Alitaka kiwe ushahidi, na kwa kweli alitaka pia kumwonyesha mkewe, ambaye kwa miezi alikuwa amemwona mumewe kama mtu anayepigana na kivuli. Mkewe alikuwa amerudi jioni ile na alikuwa bado anafungua mizigo. Pua alimfungulia mfuko usoni.

"Nusa. Sema ni nini."

Mkewe alinusa, akamtazama, akanusa tena kama mtu anayedhani anataniwa.

"Baba watoto, hii si dawa yako ya goti?"

Pua alicheka. Alimwambia dawa ya goti haina harufu, yeye hupakwa kila siku na hajawahi kuisikia. Mkewe hakubishana. Alikwenda chumbani, akarudi na chupa, akaifungua chini ya pua ya mumewe. Siku za msibani bila dawa zilikuwa zimeifungua ile pua, na harufu ya kafuri ikampanda kichwani vilevile, sawasawa, bila tofauti.

"Nyumba nzima inanuka hii," mkewe alisema. "Mashuka yananuka. Wewe umezoea, ndiyo maana husikii. Mimi nilidhani huko kazini mnaoga mpaka inatoka."

Walikuwa wanaoga. Lakini goti lililouma hakulisugua, alilipitishia maji tu akaendelea, na dawa ilikuwa imeshaingia mwilini, inatoka na jasho. Kisha akakaa juu ya kimto, mguu ule umenyooshwa kuelekea safu ya chini, pua yake ikiwa mlangoni inawalinda panya dhidi ya watu wengine. Pua aliketi kitandani, hakula. Aliona aibu ya kweli, ile inayokaa kifuani na haitaki kuzungumzwa. Mkewe alimuuliza atafanyaje. Jibu lingegharimu ama kazi ya yule binti ama yake. Akinyamaza, Ijumaa ingepita, dawa angeacha kupaka, watoto wa panya wangepona, na watu wote wangesema Pua alisema kweli.

Alfajiri alikunja suruali.

"Nichue kama kawaida," alisema. "Usibanie dawa."

Alimkuta Daktari ofisini, akamwomba washuke pamoja. Mlangoni mwa chumba cha wazazi Mgeni alikuwa anatoka, amekwisha kumaliza vya chini. Alipowaona wote wawili uso ulimbadilika. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, lakini mtu wa majaribio huijua Ijumaa kabla haijafika. Akanyoosha mikono, viganja juu, kama alivyozoea.

Pua hakuinama. Alinyoosha mikono yake mwenyewe.

"Leo unanusa wewe."

Mgeni alimtazama Daktari, kisha sakafu. "Siwezi kumnusa mzee wangu."

"Ninuse, binti."

"Sina haja ya kusogea," alisema polepole. "Naisikia kutoka hapa. Naisikia tangu baridi ilipoanza. Baba yangu anapaka hiyohiyo."

Daktari alimuuliza kwa nini alinyamaza, na panya wanakufa, na yeye mwenyewe anatazamwa vibaya. Mgeni aliuliza angemwambia nani, na mwenye pua hapa ni Mzee. Aliwaza kutafuta njia nyingine. Akawa anawahi kumaliza safu ya chini ili Mzee asiwe na sababu ya kuikaribia, lakini Mzee akawa anarudi kukagua kazi yake, tena anakaa muda mrefu.

"Baba yangu walipogundua mguu wake walimrudisha nyumbani," aliongeza. "Mpaka leo haongei sana. Sikutaka iwe mimi."

Pua aliyakumbuka yale maneno, vya chini nimeshamaliza, Mzee, na namna alivyoyahesabu moyoni mwake kama ushahidi. Alitaka kusema neno refu la kuomba radhi. Lililotoka lilikuwa fupi.

"Daktari, yale ya jana si yake. Ni yangu. Na goti ni hili."

Mgeni aliajiriwa Ijumaa ile. Pua alihamishiwa stoo ya nje, kwenye magunia, mahali pale alipopaogopa kuliko kaburi. Hakutazama ukuta kama mtangulizi wake. Alisogeza kiti mlangoni, akawa anatazama njia, na goti lake akalipaka dawa waziwazi, wapita njia wakishika pua zao na kumtania kwamba sasa hata nondo wa mtaa wa pili wamehama.

Sheria ya mlangoni ilibaki, na sasa wananusana wote, pamoja na mkuu wao. Mgeni ndiye aliyeomba iwe hivyo. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda kuoga na kubadilisha nguo, hupitia kwanza stoo, husimama mbele ya kile kiti na kunyoosha mikono, viganja juu. Siku ya kwanza Pua alidhani anachekwa. Alimchungulia usoni kwa muda mrefu, kwa ile shaka yake ya zamani, akitafuta tabasamu lililofichwa, asilione.

Basi aliinamisha kichwa akanusa. Hakusikia kitu, na alijua kwamba kwa pua yake ya sasa hilo halina maana yoyote.

"Pita," akamwambia.