Mkono wa Kulia wa Dada

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kuchuma chai: majani mawili na kichipukizi, basi. Karani wa kituo cha kupimia majani hakuwahi kumkatalia hata konzi moja. Kwa hivyo asubuhi ile, nilipoona kapu lake limejaa majani magumu na vijiti, nilicheka.

"Leo unachumia ng'ombe?"

Mkono wa kulia ulishika jani, ukaliachilia. Nikacheka tena. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo, kwa sababu aliponigeukia mdomo ulikuwa umeenda upande.

Nilipiga nduru. Mama akaja mbio na kibuyu cha mursik. Kwetu mtu akilegea shambani tunasema ni njaa, na maziwa ya kibuyu ndiyo dawa ya kwanza. Mimi nikamshika kichwa, Mama akamimina. Hakuweza kumeza. Maziwa yakamwingia njia ya pumzi, akakohoa mpaka macho yakageuka. Nikajua tunamuua sisi wenyewe, na tunampenda.

"Mwinamishe! Mwinamishe, wewe!" Mama akalia.

Pikapu ya jirani ya kubeba maziwa ilitufikisha hospitali. Stroke, kiharusi, wakasema. Nilidhani hiyo ni ya wazee wa presha, na dada hata arobaini hajafika. Presha sawa, sukari sawa, mishipa ya shingo sawa. Siku zikapita hawaoni chanzo. Mwishowe wakapiga picha ya moyo, wakaona katundu kati ya vyumba viwili vya juu. Daktari alisema kila mtoto huwa nako akiwa tumboni mwa mama, na kwa watu wengi hakazibi, wanazeeka bila kujua. Huenda donge la damu lilipita hapo likapanda kichwani.

"Huenda?" nikauliza.

"Huenda. Tumetafuta kwingine hatujapata."

"Kwa hivyo hata mimi naweza kuwa nako?"

"Hata mimi," akasema.

Usiku nililala na kiganja kifuani, kana kwamba ningeweza kukaziba.

Dada amekubali kazibwe. Wanapitishia kifaa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni. Jana, siku moja kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, alinivuta shati na mkono ule mzima.

"Wewe... wa ndoto," akasema polepole. "Lile duka letu la Litein. Tutalipaka... rangi gani?"

Kila siku mimi ndiye humjengea kwa maneno hilo duka tunaloota kufungua mjini. Jana sikuliona hata mlango.

"Buluu," nikasema haraka.

"Buluu mbaya," akasema. "Fikiria ingine. Nikitoka uniambie."

Ameingia saa tatu. Nimekaa hapa kwenye benchi na Mama, najaribu rangi zote ninazojua, na hakuna inayoshika.