Feni Iliyosema Sifuri

Juzi niliingia studio ya picha pale Chikongola, nikamkuta fundi ameifungua kompyuta. Mwenye studio, mama wa makamo, alisimama pembeni akikunja kitambaa cha kufuma alichozoea kuifunikia isiingie vumbi. Kwenye benchi alikaa mkulima wa Mtawanya, aliyefuata picha ya marehemu mkewe.

"Diski inayotunza picha imeungua kwa joto," fundi akasema. "Mama, vipimo vya joto na feni si nilikuwekea kwenye kioo? Hukuona feni ya kuipoza inaonyesha mizunguko sifuri?"

"Niliona kila siku."

"Ukanyamaza?"

"Si wewe uliyeniambia? Ule mstari wa joto la nyuzi mia na ishirini na saba uliponitisha, ulicheka. Ukasema kipimo kile hakijaungwa popote, hiyo programu ya Linux inasoma hewa tu, nisihangaike. Nikajua na sifuri ni hewa."

Fundi akashika kiuno. "Nilisema mstari ule mmoja, mama. Huu wa feni ulikuwa wa kweli."

Mkulima akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo sura yake ndiyo haipo tena?"

Fundi akaanza kurudishia skrubu za kompyuta.

Ndivyo tulivyo. Tukimkamata mwongo mmoja, tunaziba masikio kwa ukoo wake mzima. Na mafundi wetu ni hodari wa kututajia la kupuuza. La kuogopa tunalisikia msibani.

Nilipogeuka kuondoka, yule mama alikuwa anakikunjua kitambaa chake. Akaifunika ile mashine, akanyoosha pembe moja moja, kana kwamba bado inaogopa vumbi.